Siku Saba Zilizorukwa

Kiwandani walimwita Bi Kinyume, na wala hawakumpa jina hilo kwa ubishi, ingawa ubishi nao alikuwa nao wa kuwagawia majirani. Walimwita hivyo kwa kusoma kwake. Kiwanda kile kilichapa Maandiko na vitabu vya dini, na kila ukurasa, kabla haujaenda mtamboni, ulipita kwa watu watatu. Wa kwanza aliusoma kwa sauti. Wa pili aliufuata kwa kidole. Wa tatu, ambaye ndiye yeye, aliusoma kuanzia mstari wa mwisho akirudi hadi wa kwanza, rula chini ya mstari, penseli nyekundu sikioni. Maana macho ni mahodari wa kudanganyika. Ukisoma kwenda mbele, hadithi inakubeba, unaona neno linalotakiwa kuwapo hata kama halipo. Ukirudi nyuma, hakuna hadithi ya kukupumbaza. Miaka ishirini na sita mwanamke huyu alifanya kazi hiyo, ghorofa ya pili, kwenye chumba chenye dirisha moja linalotazama ukuta.

Nyumbani alikuwa na mdogo wake tu. Mama yao alifariki mdogo akiwa na miaka tisa na yeye kumi na tisa, na tangu hapo akawa dada, mama na baba kwa mkupuo. Alimsuka, akamsomesha, akamkaripia, akamfulia sare. Alipokua akamwombea kazi kiwandani hapo hapo, chumba cha chini, kupiga taipu rasimu za tafsiri mpya ya Maandiko. Wachumba wawili walikuja kumposa dada mtu. Wote wawili waliambiwa wangoje kwanza mtoto amalize shule, na wanaume wale, kungoja hawakukuweza.

Sasa siku moja, akisoma kinyume ile sheria fupi ya kale juu ya mtu anayemwaga damu ya mwenzake, alikwama. Kutoka nyuma ilimpa kumwaga, damu, mwanadamu. Halafu mwanadamu, damu, kumwaga. Akaisoma kutoka mbele. Ikawa vile vile! Akateremka ngazi mbio hadi kwa mfasiri mmoja mkohozi aliyekuwa ofisi ya tafsiri.

"Mzee, hii mmeipanga ninyi hivi?"

"Tuipange sisi akina nani? Kwa Kiebrania ndivyo ilivyo. Maneno sita. Matatu yanakwenda, matatu yanarudi. Wewe umeionaje?"

"Nimeisoma nyuma."

Mfasiri alicheka mpaka kikohozi kikamshika kweli kweli. Tangu siku hiyo, saa ya mapumziko, alimfundisha herufi za Kiebrania, na baada ya herufi maneno, na baada ya maneno sentensi, miaka minne. Kwa kuwa lugha ile inaandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, mafundi wa mitambo walisema hatimaye Bi Kinyume amepata lugha ya saizi yake.

Alichokigundua kilimnyima raha ya kuwaza jambo jingine. Waandishi wale wa kale hawakupanga maneno kwa mapambo tu. Katika sheria ile ya damu, tendo linatoka kwa mtu, linamfikia mtu, linageuka, na kwa njia ile ile linamrudia aliyelituma. Huambiwi haki ni kitu gani, unaiona inavyotembea. Akaanza kuona habari ndefu nazo zimejipinda hivyo hivyo, mwanzo ukishikana na mwisho, jambo la pili likishikana na la pili kutoka mwisho, mpaka katikati, ambako mwandishi ameweka kile anachotaka usikisahau. Akaziita pete. Akanunua daftari la jalada la kijani, akawa anachora pete zake humo kila jioni baada ya chakula, miaka sita mfululizo. Shahada hakuwa nayo. Cheo hakuwa nacho. Lile daftari ndilo lilikuwa lake.

Pete ya mwisho aliyoichora ilikuwa ya gharika, akiitoa kwenye rasimu mpya aliyoipiga taipu mdogo wake. Alihesabu siku. Saba, saba tena, arobaini, mia na hamsini. Katikati kabisa, pale maji yalipojaa hata juu ya milima, Mungu anamkumbuka mzee aliyemo safinani. Kisha hesabu inarudi: mia na hamsini, arobaini, saba. Halafu basi. Saba ya mwisho haipo! Alikaa na pengo lile wiki nzima, kisha akaandika kurasa nne kwamba mwandishi ameiacha pete wazi kwa makusudi, maana dunia iliyozama hairudi ikatimia, na waliokufa majini hakuna wa kujaza nafasi zao. Aliziandika akimkumbuka mama yake, na zilikuwa nzuri kuliko zote daftarini.

Mdogo wake wakati huo alikuwa ameolewa na mwalimu wa chuo cha dini, kijana mtanashati, mwenye maneno laini na viatu vinavyong'aa. Shemeji alikuja kula, akaliona daftari juu ya kabati.

"Dada, niazime siku mbili tatu nipitishe macho tu."

"Chukua, shemeji. Ila lirudi. Sina jingine."

"Ah, dada nawe! Kwani mimi mgeni?"

Wiki mbili baadaye karatasi za majaribio za gharika, zilizochapwa kutoka rasimu ile ile, zikafika mezani kwake, naye akazisoma kinyume, Kiebrania kando. Hapo alishika kichwa. Mdogo wake alikuwa ameruka mistari. Mzee wa safina anangoja siku saba na kumtuma njiwa mara mbili, kwa maneno yanayofanana sana, na jicho la mpiga taipu lilitoka la kwanza likatua la pili. Katikati yake alikuwapo njiwa aliyerudi na jani mdomoni, na saba moja imekwenda naye. Kwa hiyo pete ilikuwa imefungika vizuri kabisa. Zile kurasa nne nzuri zilikuwa upuuzi mtupu. Bi Kinyume alicheka, akaona haya, akarekebisha. Rasimu mbovu akaiweka kwenye jalada la makosa kama kanuni ya kiwanda ilivyotaka, ina alama ya mpiga taipu na muhuri wa tarehe. Kisha akamfuata shemeji amrudishie daftari akazifute kurasa zile.

"Dada yangu, tumehama juzi, unajua vitu vinavyopotea. Nitalitafuta."

Hakulitafuta. Mwaka na nusu baadaye kitabu kilitoka, jalada gumu, jina la shemeji kwa herufi za dhahabu. Pete zote zilikuwamo, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio ule ule na mara nyingi kwa maneno yale yale. Sura kubwa, iliyosifiwa magazetini, iliitwa "Pete Isiyofungika". Ilikuwa zile kurasa nne. Mwanzoni ameandika: "Kwa mke wangu mpenzi." Jina la Bi Kinyume hukulikuta hata kwenye shukrani, mahali ambapo alishukuriwa hadi dereva wa chuo.

Jumapili iliyofuata alikwenda kwao, akala, akanawa mikono, ndipo akauliza.

"Shemeji, daftari langu je?"

Yule bwana alitabasamu, akajipangusa mdomo. "Dada, mawazo hayana mwenyewe. Yanaelea tu hewani. Halafu usiudhike, lakini kitabu kama hiki kikitoka kwa msahihishaji, nani atakisoma?"

Mdogo mtu aliinama akatazama sahani yake. Bi Kinyume akasema, "Ni kweli, shemeji," akaomba maji ya kunywa.

Msimwone alinyamaza mkadhani alisamehe. Thubutu! Kinyongo alikilea miaka kumi na mmoja. Kila Jumapili aliendelea kwenda kwa mdogo wake, akala, akacheka kwa vichekesho vya shemeji, akamwita "Daktari" watu walipoanza kumwita hivyo. Na kila Jumapili alirudi nyumbani akavua viatu, akakaa kitandani, akamhukumu upya. Alimtaka aaibike mbele za watu wale wale waliompigia makofi. Alitaka amwone jasho likimtoka. Kumsema pembeni, kumwandikia barua, kwenda kushitaki kwa wakubwa, hayo yote aliyapima akayatupa, kwa kuwa shemeji angeyajibu kwa ulimi wake laini na watu wangemwonea huruma. Alitaka aanguke kwa mkono wake mwenyewe. Na kitu cha kumwangushia alikuwa nacho jaladani, kwa kuwa yule mwizi alikuwa ameiba pamoja na kosa.

Kitabu kizima watu walikisoma, wakakisifu, wakakihubiri, na hakuna hata mmoja aliyehesabu. Kila mtoto anamjua njiwa mwenye jani. Lakini nani anahesabu siku?

Mwaka wa kumi na mmoja, shemeji aliteuliwa kuwa mkuu wa chuo. Wakaandaa toleo la pili la kitabu, litolewe siku ya kusimikwa kwake, naye atoe mhadhara juu ya ile ile "Pete Isiyofungika". Chuo kikapeleka kazi kiwandani. Asubuhi moja Bi Kinyume alifungua bahasha mezani kwake, akakuta jina lile la dhahabu. Akavuta kiti kwa furaha mbaya.

Alikisoma kinyume chote, kwa siku sita, akarekebisha nukta na mikato kwa uaminifu. Alipofika kwenye sura ile alisimama. Msahihishaji haruhusiwi kugusa hoja ya mwandishi, ila anaruhusiwa kuuliza pembeni. Akachonga penseli, akaandika kwa mwandiko mzuri: "Mwandishi tafadhali ahesabu tena siku baada ya dirisha la safina kufunguliwa." Akatia sahihi yake. Usidhani alitaka kumwokoa. Alimjua mtu wake.

Karatasi zikarudi baada ya siku tatu. Chini ya swali lake, kwa wino wa buluu: "Iachwe kama ilivyo. Msahihishaji ashughulike na nukta."

Bi Kinyume alicheka peke yake mpaka fundi wa chumba cha pili akagonga ukuta kuuliza kuna nini.

"Hakuna kitu, baba," alimjibu. "Nashughulika na nukta."

Akashuka chumba cha majalada, akaitoa ile rasimu kwenye jalada la makosa. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi, lakini muhuri ulisomeka vizuri. Na pembeni, kwenye kona, ilisomeka pia alama ya aliyeipiga taipu. Mdogo wake. Hapo alikaa chini kwenye kiti cha mtunza majalada akafikiri kwa muda mrefu. Aliona kabisa karatasi ile ikitajwa mbele za watu itamgusa nani. Alifikiri kuikata kona. Lakini rasimu isiyo na alama ni karatasi yoyote tu, mtu angeweza kusema ameitengeneza jana. Akaikunja ikiwa nzima, akaitia mkobani. Nasema hivi ili mtu asije akamtetea baadaye kwamba hakujua. Alijua.

Siku ya kusimikwa, ukumbi wa chuo ulijaa tangu mchana. Shemeji alisimama kwenye jukwaa na joho jipya, akazungumza saa nzima, na tuseme haki, alizungumza vizuri. Alisema yeye mwenyewe, miaka ya ujana wake, alikaa na matini ya Kiebrania neno kwa neno hadi pete hii ikamfunukia. Alipofikia mahali pa waliokufa majini, wanawake walitoa leso. Yalikuwa maneno ya Bi Kinyume aliyomwandikia mama yake, yakitoka katika kinywa kile. Mdogo mtu alikuwa safu ya mbele, amevaa vizuri, mkoba mapajani.

Mkuu anayestaafu akauliza kama kuna swali. Bi Kinyume akasimama.

"Ninalo dogo. Naomba yeyote mwenye Maandiko atuhesabie siku, tangu dirisha la safina lilipofunguliwa."

Shemeji alitabasamu. "Huyu ni shemeji yangu, jamani, msahihishaji wetu." Watu wakacheka kwa wema. Mama mmoja wa kwaya akavaa miwani, akafungua, akawa anasoma huku akikunja vidole.

"Anangoja siku saba, anamtuma njiwa... anarudi na jani. Halafu anangoja siku saba nyingine, anamtuma tena, harudi."

"Saba ngapi, mama?"

"Mbili."

"Na Daktari ametuambia ngapi?"

Yule mama alitazama vidole vyake, akatazama jukwaa. "Moja," akasema, kwa sauti ya mtu aliyemkanyaga mwenziwe bila kutaka.

Ukumbi mzima ukafunua kurasa. Ulisikia karatasi tu, halafu minong'ono, halafu mtu mmoja wa nyuma akaachia kicheko. Jasho likaanza kumtoka shemeji kwenye kipaji cha uso, na Bi Kinyume akaliona, akalitazama kwa raha aliyokuwa ameingoja miaka kumi na mmoja.

"Zipo... zipo nakala za kale zinazotofautiana," shemeji akasema.

"Itaje moja."

Shemeji akajipangusa uso kwa mkono wa joho.

"Huijui? Mimi ninayo." Akaitoa karatasi mkobani. "Rasimu ya kiwanda chetu, na muhuri wake huu. Duniani kote saba hiyo imekosekana kwenye karatasi hii moja tu. Ilikaa mezani kwangu wiki tatu, ikasahihishwa, haikutoka nje. Aliyeichora pete kutoka humu ni mimi, kwenye daftari langu la kijani. Nilikosea, na nilikuuliza pembeni ya ukurasa uhesabu tena, ukaniambia nishughulike na nukta. Sasa niambie, shemeji. Kosa langu ulilionea wapi kwenye Kiebrania chako?"

Angenyamaza pengine angepona. Lakini alikuwa mtu wa maneno, na maneno yakamtoka.

"Kama rasimu ilikosewa, lawama ni ya aliyeipiga taipu! Mimi nina kosa gani? Muulize mdogo wako! Yeye ndiye aliyeruka mistari, yeye ndiye aliyesema daftari la dada yake lina mambo mazuri!"

Mkuu anayestaafu akavua miwani taratibu. "Kwa hiyo ulitumia rasimu na daftari, Daktari? Si umetuambia saa hii hii ulikaa na Kiebrania?"

Ndivyo alivyoanguka, kwa kinywa chake mwenyewe, na joho mwilini. Hakuna aliyempigia kelele. Walimtazama tu, na yeye akatazama karatasi zake. Lakini wengi, nao ndio waliojaa safu za nyuma, hawakumtazama yeye. Walinyoosha shingo wamwone mkewe.

Bi Kinyume alimkuta mdogo wake nje, kwenye ujia mrefu wa madarasa, amesimama peke yake ameegemea ukuta. Alikwenda na mikono wazi kama alivyomwendea tangu utoto.

"Usinishike, dada."

"Mdogo wangu, sikukulenga wewe. Nilimlenga yeye."

"Nilijua kuhusu daftari tangu kitabu kilipotoka. Kila Jumapili nilingoja uniambie. Niliwaza, leo ataniambia, nami nitasimama upande wake, liwe liwalo. Miaka kumi na mmoja unakula mezani kwangu, unacheka, unaniaga, hujaniambia neno moja. Ungeniambia mimi! Ukaona bora unianike mbele ya watu mia tatu."

"Na wewe kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu nilikuwa na aibu. Nilingoja mkubwa aanze."

Dada mtu akashika kile alichokuwa nacho. "Aliniibia jina langu. Leo nimelipata."

"Hongera," mdogo akasema. Alifungua mkoba, akatafuta leso, hakuiona, akaufunga. "Basi likakupikie chai Jumapili."

Akaondoka kwa njia ya nyuma, asipite ukumbini.

Shemeji hakusimikwa. Alihamia chuo kidogo cha mbali, na mkewe akaenda naye, jambo ambalo Bi Kinyume hakulielewa na hakuthubutu kuliulizia. Ukimuuliza kama alijuta kumuumbua yule bwana, atakutazama kama umetukana. Hakujuta hata siku moja. Akilikumbuka lile jasho, hata leo, anatabasamu. Lakini Jumapili zilimshinda. Alijaribu kulala mchana, alijaribu kufua, akaishia kuomba ufunguo wa kiwanda, akawa anakwenda kusoma karatasi siku ambayo mitambo imezimwa.

Chuo kilimwomba radhi kwa barua, kikakichapa kitabu upya kwa jina lake, pete ya gharika ikiwa imefungwa sawasawa, saba zote mbili mahali pake. Walimuuliza angependa kukitoa kwa heshima ya nani. Aliandika, "Kwa mdogo wangu." Nakala ya kwanza kutoka mtamboni aliifunga mwenyewe kwa karatasi ya kaki na kamba, akaandika anwani, akaipeleka posta kwa miguu.

Ilirudi baada ya siku tisa. Kamba haikuwa imefunguliwa.